Siku moja maishani mwangu: muuza miche kando ya Ngong Road, Nairobi

Watu hudhani sisi hukaa kivulini tukingoja magari yasimame. Haya, karibuni.

Saa 12 asubuhi namlipa mlinzi wa usiku, nafunua miche, namwagilia. Lavenda, ule mmea wa maua yanayonukia, naitia kidole udongoni kwanza. Nikikuta unyevu, naipita.

Saa 2 mkokoteni unaleta samadi na mchanga. Lavenda asili yake ni vilima vikavu vya mawe pande za Mediterania, kwa hiyo mchanga mwingi, samadi kiduchu. Ukiishibisha inajaa majani na kukunyima maua.

Saa 4 jua limeanza kuuma. Gari linasimama, kioo kinashuka nusu. Salamu hakuna.

"Kijana, lavenda yako ilikufa."

"Pole, mum. Uliiweka wapi?"

"Bafuni, inukie."

"Na maji?"

"Asubuhi na jioni! Niliitunza kama mtoto."

Namweleza kwamba mizizi imeoza, kwamba mmea huu unataka jua kwa muda wa saa 6 au zaidi kila siku. Anasema aliununua ufukuze mbu. Namwambia mafuta yenye harufu yako ndani ya maua na majani, hutoka sana ukiyafikicha; mche uliotulia chunguni mbu hawaujali. Hapo anataka mwingine bure. Tunavutana. Anashuka, ananusa mche mmoja baada ya mwingine, anauliza "orijino" ni upi. Wenye majani ya meno-meno huvumilia joto na kuchanua karibu mwaka mzima. Wenye majani membamba yasiyo na meno ndio hasa hukaushwa maua yakawekwa kabatini kwenye nguo, au kutolewa mafuta, ila hupenda baridi. Anachukua wa meno kwa shilingi 200, badala ya 300, kisha anaomba na chungu. Chungu simpi.

Chakula nilikula saa ngapi, sijui. Mchana wote ni kuinama: napogoa lavenda zilizomaliza kuchanua, bila kufikia shina kavu maana pale haichipuki tena, na vipande laini navichomeka mchangani. Mizizi itachukua mwezi, pengine zaidi. Kiuno kinalia, lakini mikono inanukia hadi makanga huniuliza najipaka marashi gani.

Jioni simu inaingia: oda ya uzio mzima wa lavenda, nyumba moja mtaa wa Karen. Mwenyewe anataka upande wa nyuma, chini ya miti.