Swali nililomkatiza Baba

Wiki hii mdogo wangu amejifungua salama na upepo umeng'oa bati la jikoni, lakini kinachoninyima usingizi ni maneno manne niliyoyatamka Jumatatu: "Baba, mwache daktari aeleze."

Baba mnamfahamu: miaka 76, fundi mstaafu wa vichwa vya garimoshi hapa Tabora, yule ambaye mkono wake wa kulia ulilegea kwa robo saa na kikombe cha chai kikamponyoka. Altrasaundi ilionyesha kwamba mshipa mkubwa wa damu wa shingoni, upande wa kushoto, umebana kwa zaidi ya asilimia 70. Daktari alikuwa akitueleza njia mbili, ama kupasua shingo na kukwangua mafuta yaliyoganda ndani ya mshipa, ama kupitisha waya kutoka kwenye kinena hadi shingoni na kupatanua palipobana kwa stenti, kijibomba cha wavu wa chuma, ndipo Baba akauliza: "Na huo uchafu mtakaoubandua unakwenda wapi? Bomba ukilizibua, uchafu haupotei, unahama."

Nikamkatiza. Akasema, "Haya," akafunga kifungo cha juu cha shati, taratibu, asiongeze neno. Kifungo kile ninakiona hata nikisahihisha madaftari.

Alhamisi nilimpigia daktari, naye akaniambia kwamba swali la Baba ndilo kiini cha ubishi wote wa madaktari kuhusu njia hizo mbili. Katika utafiti wa Marekani na Kanada uliochapishwa 2010, wenye wagonjwa 2,502, kiharusi kiliwapata karibu na siku za tiba asilimia 4.1 ya waliowekewa stenti na 2.3 ya waliopasuliwa. Mshtuko wa moyo ukawa kinyume, 1.1 kwa 2.3. Kwa waliovuka miaka 70 upasuaji ulielekea kuwa bora, kwa kuwa mishipa ya wazee imepinda na kukakamaa, na waya ukipita hubandua vipande vinavyopanda ubongoni na kuleta kiharusi. Huwekwa kichujio kama mwavuli mdogo ili kuvidaka, ila waya hupita kabla mwavuli haujafunguka.

Jioni nilimkuta Baba chini ya mwembe, nikamwomba radhi na kumweleza yote. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka kwa namna ambayo sijaisikia tangu kikombe kile kivunjike.

"Ungeniacha, mwanangu. Nilikuwa na swali la pili."

"Lipi, Baba?"

"Huyo atakayeishika hiyo kazi, ameshaifanya mara ngapi?"

Nimeliandika nyuma ya cheti cha dawa, na safari hii atauliza mwenyewe, maana daktari amekiri kwamba mazoea ya mkono wa mtendaji huamua mengi, kwa stenti na kwa kisu vilevile.

Mawingu yametanda tangu adhuhuri, na fundi bati hapokei simu.