Plagi za Corolla ya mzee

Corolla KE70 ya mzee ilikuwa ikimisi kila nikipanda mlima wa Mazeras. Barabara tambarare, haina neno. Nikikanyaga mafuta mlimani, inakohoa. Fundi alisema ni kabureta. Nikalipa, ikaendelea kukohoa.

Jumamosi asubuhi, injini ikiwa baridi, nikachomoa plagi, zile zinazorusha cheche ya kuwasha mafuta, moja moja ili waya zisichanganyike. Ncha zote zilikuwa zimelika hadi zikawa mviringo. Nikapitisha fila, vibati vyembamba vya kupimia pengo kati ya ncha: bati la milimita 1.1 likapita bila hata kugusa! Injini hii ya 4K, ya pointi (mfumo wa zamani wa cheche, usio wa elektroniki), inataka pengo la 0.8. Pengo likipanuka, koili inayoipa plagi umeme inahitaji nguvu zaidi kurusha cheche, na mlimani mgandamizo ndani ya silinda huzidi. Ndiyo maana tambarare ilikuwa kimya.

Nikasugua kwa brashi ya waya, kisha nikagongesha jino la pembeni (ncha ya nje iliyopinda) polepole juu ya saruji mpaka bati la 0.8 likapita kwa kukwaruza kidogo. Ncha ya katikati usiiguse, kauri hupasuka (nilishaharibu moja). Kuzirudisha nilianza kwa vidole, spana baadaye, maana kichwa cha injini ni alumini, nyuzi zake huharibika upesi plagi ikiingia upande.

Jumapili nikapanda Mazeras na abiria watatu. Haikukohoa.