Bahasha za kaki

Wakati naanza kazi ya uuguzi huku Pwani, nilidhani kumhudumia aliyebakwa ni kumpa dawa na kumpangusa machozi. Nilikuja kufunzwa na bahasha za kaki.

Usiku mmoja aliletwa binti na shangazi yake. Nguo zake zimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, mbichi. Shangazi ameziosha! Kwa mapenzi tu, sikumlaumu. Akaniuliza, "Sista, tumeharibu?" Nikamwambia, "Hapana mama, tuanze na dawa." Maana dawa za kuzuia HIV lazima zianzwe ndani ya saa 72 tangu kubakwa, kisha humezwa siku 28. Za kuzuia mimba, hadi saa 120, ila mapema ndiyo bora. Polisi baadaye, matibabu hayangoji ripoti.

Nguo huanikwa zikauke, zikaingia kwenye karatasi, kila moja na bahasha yake. Plastiki hutunza unyevu, na unyevu huozesha ushahidi. Halafu fomu ya PRC (Post Rape Care), ya huduma baada ya kubakwa, nakala tatu: ya polisi, ya mwenyewe, ya faili. Unaandika maneno yake kama alivyoyasema, si kama unavyodhani alimaanisha.

Lakini kinachochukua muda ni kumwomba binti ruhusa. Naomba nikushike mkono. Naomba niangalie hapa. Aliposema "hapana" mara ya kwanza nikaacha, nikaketi, tukanyamaza dakika kadhaa. Kisha akaniuliza kama nina leso ya kujifunika, akanyoosha mkono mwenyewe.

Siku hizi huwa naweka leso mbili safi kwenye droo.