Usiku niliosahau neno "soft"

Miaka michache nyuma, bado mgeni kwenye kazi ya netiweki, nikapewa kikazi kidogo saa nane usiku: kwenye BGP, itifaki ambayo ruta hutumia kupeana njia za intaneti, nipandishe local preference (namba ya kuipa njia kipaumbele) ili trafiki itokee kwa apstrimu wa pili, yaani mtoa huduma anayetupa intaneti. Nikaandika route-map yangu safi (sera ya kuchuja na kubadili njia), nikacheki, hola, hakuna kilichobadilika. Kumbe ruta haizipitishi upya njia ilizokwisha pokea kwenye sera mpya mpaka uiambie, sasa mimi na kiherehere changu nikapiga clear ip bgp *, amri ya kukata sesheni zote zianze upya, nikabonyeza enta.

Weee! Majirani wote, yaani ruta tunazopeana nazo njia, chini, TCP ya poti 179 inayobeba BGP imekatwa, njia zote zimefutwa, afu ruta ikaanza kumeza tebo nzima upya, njia 700,000 na ushee, CPU inahema tu. Simu ya bosi ikaita kabla sijameza mate.

Nilichotakiwa kuandika ni clear ip bgp 192.0.2.1 soft in, namba hiyo ikiwa anwani ya jirani, basi. Hapo ruta inamuomba jirani atume njia zake tena huku sesheni iko juu vilevile, ndo route refresh hiyo, ipo tangu RFC 2918 (waraka wa viwango vya intaneti) ya mwaka 2000. Cheki kwanza kwenye show ip bgp neighbors kama jirani anaijua. Kama haijui, weka soft-reconfiguration inbound mapema, inakula memori kweli maana inatunza kopi ya kila kitu alichotuma kabla hujachuja, ila kwa wateja wadogo mi naiweka tu, inasaidia wakianza kubisha kuhusu walichotuma.

Ile nyota (*) siigusi tena, naenda jirani mmoja mmoja.