Mavyaa wa Michezoni

Jumapili, baada ya Alasiri.

Jana usiku mjukuu wangu kanitilia Anari kwenye simu yake. Nikaitazama mpaka mwisho, chai imepoa pembeni na mimi sina habari. Filamu ya Kihindi ya 1959 hiyo, ya Raj Kapoor na Nutan. Lakini mimi, mwigizaji wa hapa Zanzibar ninayepewa nafasi za mavyaa, yaani mama mkwe, shida yangu haikuwa Raj wala Nutan. Nilikuwa namngojea Lalita Pawar, aliyecheza Bi D'Sa mwenye nyumba, yule anayemfokea mpangaji wake huku kwa siri anamsaidia, na ole wako umwambie kuwa umemgundua.

Sisi wa rika langu hatuhitaji kuelezwa Lalita ni nani. Tuliopelekwa senema na mama na mashangazi zetu siku za maonyesho ya wanawake tulimjua kwa kazi yake: mavyaa. Akitokezea tu, ukumbi mzima unafyonya. Kihindi hatukijui, lakini mavyaa hahitaji mkalimani. Wanawake walikuwa wakimjibu kutoka vitini, na wengine nadhani hawakuwa wakimjibu yeye hasa.

Vijana niwaeleze kidogo. Kazaliwa 1916, kaanza kuigiza mtoto, zama za filamu zisizokuwa na sauti. Miaka ya 1930 alikuwa nyota, mwanamke mzuri anayeimba nyimbo zake mwenyewe, na alishakuwa mtayarishaji pia. Kailash ya 1932 alitia mkono katika utayarishaji wake. Halafu 1942, wakirikodi, mchezo ulitaka mwigizaji mwenzake ampige kibao. Kijana wa watu akapiga kweli, kwa bahati mbaya. Mshipa wa jicho la kushoto ukapasuka, upande wa uso ukapooza, akawa mtu wa matibabu miaka mitatu. Aliporudi, jicho lile halikurudi kama lilivyokuwa, na nafasi ya mwanamwali anayependwa ilishakwenda kwa wengine. Akapewa mavyaa. Akapewa mama mkali, shangazi mkali, mwenye nyumba mkali. Dahej ya 1950, Junglee ya 1961, na kuendelea hivyo mpaka kuwa Manthara, yule kijakazi mchochezi, katika Ramayan ya televisheni iliyoanza 1987. Hapo alikuwa keshavuka sabini. Amefariki 1998, na filamu alizoziacha ni mamia.

Sasa kuna namna kisa hiki kinavyosimuliwa inayonikera. Wanasema kile kibao ndicho kilichomtengeneza. Ati bila ya jicho lile asingekuwa mavyaa mkubwa vile, kwa hiyo msiba ukageuka neema. Mimi sikubali. Kibao kilimnyang'anya kazi aliyokuwa nayo, basi. Jicho halijui kuigiza. Kama ni jicho, basi mbona lile lile ndilo alilolitumia katika Shri 420, akiwa Ganga Mai muuza ndizi, na hakuna mtu aliyemchukia? Mbona jana usiku, mwanamke mzima mimi, nilikuwa nafuta machozi kwa Bi D'Sa? Hata Filmfare, wale watoa tunzo za filamu za Kihindi, walimpa tunzo ya mwigizaji msaidizi kwa huyo Bi D'Sa, wala si kwa mavyaa yeyote kati ya wale aliowacheza. Jicho ni moja na uso ni mmoja, ila sauti yake inafoka ilhali uso umeshasamehe zamani. Hiyo ni kazi ya mtu aliyekaa akaifikiri.

Najua ninavyosema kwa sababu na mimi nimeitwa kwa ajili ya uso. Nina mikunjo baina ya nyusi tangu usichana, marehemu mama akinambia, "Kunjua uso, utakosa mchumba." Mchumba sikukosa, ila muongozaji mmoja kijana alipata kunambia, "Bi, wewe uso wako tu ni mchezo tosha." Alidhani kanisifu. Nikamjibu, basi piga picha yangu uibandike ukutani, mie nikalale.

Nilianzia redioni, enzi za Sauti ya Tanzania Zanzibar. Huko uso haukuwa na kazi. Mavyaa wa redio anatoka kooni, katika kufyonya, na katika kule kukaa kimya kidogo kabla ya kumuitikia mkaza mwana, yaani mke wa mwanawe, salamu. Kimya kikizidi, fundi mitambo anakodoa macho anadhani umesahau maneno. Baadaye TVZ, televisheni ya Zanzibar. (Jamaa zetu wa bara hawapendi kukumbushwa hili: sisi tulikuwa na televisheni ya rangi miaka ya 1970, wao hawana hata ya nyeusi na nyeupe.) Na jukwaani, Ngome Kongwe, uwanja wazi, upepo wa bahari unakupokonya maneno mdomoni. Aliyekaa ngazi za nyuma kabisa macho yako hayaoni. Pale mavyaa yuko mabegani na kwenye kanga. Kabla ya kutoa tusi unaifungua kanga ya kiunoni, unaikaza upya, taratibu, na watu washaanza kucheka kwa sababu wanajua kinachokuja. Ukiifanya hiyo mbele ya kamera unaonekana mwendawazimu. Kamera inataka udogo. "Bi, punguza." "Bi, punguza tena." Nimepunguza mpaka nikawa nahisi sifanyi kitu, na hapo ndipo wanaposema sawa.

Kosa la waandishi wetu, na nalisema kwa mapenzi, ni kumuandika mavyaa kama mtu anayeamka asubuhi akapanga ubaya. Hakuna mtu hivyo. Mavyaa anaamka asubuhi akiwa na haki. Mwanawe alikuwa akirudi na samaki anapitia kwake kwanza, sasa anapitia chumbani. Hilo tu. Ukilipata hilo, maneno yoyote waliyokuandikia yanasemeka. Mchezo mmoja ulinitaka niumwage mchuzi wa mkaza mwana uani. Nikaomba niule. Nikala mbele yake, tonge baada ya tonge, nikamaliza, nikanawa, nikasema, "Chumvi wamekufundisha kwenu?" Yule binti niliyekuwa nikicheza naye akalia bila ya kuambiwa alie. Ikabidi turudie lakini, kwa sababu adhana ya Magharibi iliingia katikati na mskiti uko nyuma ya nyumba. Mara ya pili hakulia vizuri vile. Ndiyo kazi yenyewe.

Malipo sitayaeleza, waliomo wanajua. Nauli, chakula cha mchana, na bahasha inayotegemea kama mfadhili kakumbuka. Kinachobaki ni umaarufu wa ajabu ajabu. Jina langu hakuna anayelijua. Pale Darajani muuza samaki mmoja kila nikimuomba anipunguzie bei ya samaki wa changu ananambia mavyaa kama mimi analipa bei kamili mpaka amuombe radhi mtoto wa watu. Shoga yangu anasema nikasirike. Nikasirike kwa nini? Anamkumbuka mkaza mwana kuliko ananikumbuka mimi. Nilipewa ile nafasi ili yule binti aonewe huruma, na mtu mpaka sokoni bado anamuonea huruma. Ila bei ya changu inaniuma.

Sasa nimeletewa mchezo mpya. Safari hii si mavyaa, ni mwenye nyumba Kikwajuni, amempangisha chumba mwanafunzi wa chuo kutoka Pemba asiyelipa kodi. Nimeusoma. Ni mavyaa yule yule, kabadilishiwa kanga. Kuna mahali anamkatia kijana umeme halafu anasimama mlangoni anacheka. Nimempigia muongozaji, nikamwambia umeme nitamkatia, na nitamtukana pia, maneno yote kama yalivyoandikwa, lakini sitacheka, na nikishatoka nataka kamera ikae pale pale ili mtu aone chupa ya uji niliyoiacha kizingitini. Namuibia Lalita waziwazi na sina haya.

Kaniletea ujumbe wa sauti mrefu. Kwa ufupi: "Bi wangu, heshima yako, lakini watazamaji watachanganyikiwa. Hawatajua wakuchukie au wakupende."

Nimemjibu waache wachanganyikiwe. Bado hajasema ndiyo. Tunarikodi Jumanne, saa mbili asubuhi, kabla mafundi wa jirani hawajaanza kukata vigae. Chupa nitakwenda nayo mwenyewe kutoka nyumbani, na uji nitautia kweli, maana yule kijana aliyepewa nafasi ya mpangaji nimemuona, na naona hata kunywa chai asubuhi hanywi.