Siku moja maishani mwangu: modemu ya 3G, ppp0 na DNS inayojipanga yenyewe

Saa 2 asubuhi. Kazi ya leo ni kompyuta ndogo yenye Debian (aina ya Linux), iliyofungwa kwenye kibanda cha vipimo kisicho na intaneti ya waya. Ina modemu ya USB ya Huawei na laini yenye bando. Malalamiko ni yale yale: "mtandao upo ila haufunguki". Amri ya kwanza ni `ping 1.1.1.1`. Inajibu. Ya pili ni `ping wikipedia.org`. Kimya. Basi njia ipo, kilichokosekana ni DNS, yaani seva ya kutafsiri majina kuwa anwani za IP. Hapo hakuna haja ya kugusa antena wala kununua bando jingine.

Saa 3. Faili la `/etc/ppp/peers/laini` linafunguliwa. Ni la mipangilio ya pppd, programu inayounganisha mtandao kupitia modemu kwa itifaki ya PPP na kuunda kiolesura cha ppp0. Aliyelipanga alikumbuka `noauth`, `defaultroute`, `noipdefault` na `persist`, akasahau neno moja tu: `usepeerdns`. Bila neno hilo pppd haiombi anwani za DNS kabisa, na mtandao wa simu haumpi asiyeomba.

Kuomba kwenyewe hufanyika ndani ya IPCP, ile hatua ya PPP ambapo pande mbili hupatana anwani za IP. Nyongeza ya DNS iliandikwa kwenye RFC 1877 (waraka wa kiufundi wa intaneti) ya Desemba 1995, chaguo namba 129 kwa seva ya kwanza na 131 kwa ya pili. Ilitoka kwa watu wa Microsoft, ndiyo maana hadi leo logi za Linux zinasema `ms-dns1`.

Saa 4. Neno limeongezwa, tunapiga kwa `pppd call laini nodetach debug` ili tuone kila kitu kwenye skrini. Chat, programu inayoiamuru modemu, inatuma `AT+CGDCONT=1,"IP","internet"`, kisha `ATD*99#`, halafu CONNECT. Upande wetu unatuma ConfReq (ombi) yenye `<ms-dns1 0.0.0.0>`, yaani "sina, nipe". Jibu sahihi ni ConfNak ("si hiyo, omba hii") yenye anwani za kweli, nasi tunaziomba tena vile vile mpaka tupate ConfAck ("nimekubali").

Tulichopewa ni 10.11.12.13 na 10.11.12.14.

Anayejua modemu hizi anacheka hapo. Hizo si seva za mtu yeyote. Ni namba za kujazia ambazo modemu hutoa kabla mtandao haujaipa za kweli. pppd haina namna ya kujua kwamba imedanganywa, hivyo inaandika ilichopewa na kuendelea. Usiichanganye na 10.64.64.64: hiyo pppd hujiwekea yenyewe kama anwani ya upande wa pili pale upande huo usipotaja yake, na haina madhara.

Saa 5. Skripti. pppd yenyewe haigusi `/etc/resolv.conf`, faili ambamo programu husoma seva za DNS za kutumia. Inaandika `/etc/ppp/resolv.conf`, kisha inaita `/etc/ppp/ip-up` ikiwa na DNS1 na DNS2 kwenye mazingira. Kwenye Debian, ip-up nayo huendesha kila kilichomo ndani ya `/etc/ppp/ip-up.d/`. Mashine hii inatumia systemd-resolved, huduma ya Linux inayosimamia DNS, kwa hiyo skripti inakataa namba za uongo na kuipa huduma hiyo za kweli:

```
#!/bin/sh
case "$DNS1" in
  ''|10.11.12.13|10.11.12.14)
    logger "DNS ya uongo: $DNS1"
    kill -HUP "$(head -n1 /run/$PPP_IFACE.pid)"
    exit 0 ;;
esac
resolvectl dns "$PPP_IFACE" $DNS1 $DNS2
resolvectl domain "$PPP_IFACE" '~.'
```

Ishara ya HUP inayotumwa na `kill` inakata muunganisho, na kwa kuwa `persist` ipo, pppd inapiga tena. Weka `holdoff 15` ili modemu ipate nafasi ya kujisajili, na `maxfail 0` ili isikate tamaa.

Saa 6 mchana. Skripti haiendeshwi. Imeitwa `dns.sh`, na run-parts, programu ambayo ip-up huitumia kuendesha skripti hizo, huruka jina lolote lenye nukta bila kusema neno. Inabadilishwa iwe `90dns`, inapewa `chmod 755`. Usitegemee `echo` humo ndani: pppd inaelekeza matokeo yote ya ip-up kwenye `/dev/null`. Ndiyo sababu ya `logger`, inayoandika kwenye logi.

Saa 8. Jaribio la mara ya pili limeleta anwani za kweli, lakini `dig`, amri ya kuuliza DNS, inakwisha muda bila jibu. Kisa ni waya wa Ethernet tuliouchomeka asubuhi kwa ajili ya kuingia kwenye mashine. `defaultroute` haiondoi njia iliyopo, na logi inasema wazi: "not replacing existing default route". Maswali yetu yanatokea Ethernet kwenda kwenye seva za kampuni ya simu, ambazo huwajibu wateja wake tu. Chomoa waya, au tumia `replacedefaultroute`.

Saa 9. Programu ya kutuma vipimo bado inalalamika ingawa `dig` inajibu. Iliwashwa kabla ya ppp0, na imebeba glibc (maktaba ya msingi ya C) yake yenyewe, ya zamani kuliko 2.26, toleo la 2017 lililoanza kusoma upya resolv.conf inapobadilika. Zilizotangulia husoma mara moja tu. Tunaongeza mstari wa kuiwasha upya mwishoni mwa `90dns`.

Saa 10 jioni. Jaribio la mwisho ni la ukatili: modemu inachomolewa ikiwa kazini, inarudishwa baada ya dakika moja. Imerudi kwa jina jingine la kifaa, ttyUSB3, na pppd bado inaisubiri ttyUSB0. Kwenye faili la peers tunaandika njia yake isiyobadilika ya `/dev/serial/by-id/`, ile inayoishia na `if00-port0`, kisha tunachomoa tena. Muunganisho umerudi wenyewe, `resolvectl status ppp0` inaonyesha seva mbili tofauti na za saa nane.