Jiko lisilo na masizi

Wiki hii posa ya Anjela imepokelewa, jenereta limeungua, na ile kazi ya Dar nimeisaini. Ningekuwa na akili ningeandika hayo. Lakini tangu Jumanne kichwani mwangu amekaa bibi mmoja wa Kalenga, na hatoki.

Mnaijua ile filamu tunayoitengeneza, hadithi yake ni ya 1983, miaka ya foleni za sukari na sabuni. Wiki tatu mimi na Frenki tumekuwa tukiizeesha nyumba. Mapazia nimeyachemsha na majani ya chai. Mlango nimeusugua msasa pale tu mkono unaposhika. Ukutani nimebandika kurasa za Uhuru na kila tarehe nimeikagua, maana mtazamaji mmoja mwenye macho anatosha kukuumbua.

Bibi ndiye aliyetuazima vyungu, akaja kuviangalia. Nikampa shikamoo, akazunguka sebuleni, akaguna kwa kuridhika mbele ya kandili. Kichwa changu kikavimba. Kisha akaingia jikoni, akanyamaza.

"Mjukuu wangu, humu anapika nani?"

"Mama mwenye nyumba, bibi. Kwenye hadithi ana watoto sita."

Akainua macho kwenye kenchi. "Basi hao watoto wanakula kwa jirani."

Nami nikainua macho. Kenchi safi kama za duka la mbao! Chini nilikuwa nimepanga mafiga, kuni na majivu hadi mwiko uliochakaa. Juu, hakuna hata doa la moshi. Na mimi nimekulia kwenye jiko ambalo ukicheka kwa nguvu masizi yanadondokea ugalini.

Nilimjibu "Asante, bibi." Basi. Tangu hapo kila usiku namjibu upya: kamera haifiki juu, bibi, bajeti, bibi, tulikuwa bado, bibi (uongo). Kila jibu anainua macho tu.

Cheo changu hiki, mbunifu wa mandhari ya filamu (production designer), alianza kupewa William Cameron Menzies mwaka 1939, alipokabidhiwa sura nzima ya Gone with the Wind. Mimi nimekabidhiwa jiko la hatua nne, nikasahau moshi. Picha ya Hannah Beachler iko kwenye mlango wa kabati langu tangu 2019, alipokuwa mtu mweusi wa kwanza kuchukua Oscar ya kazi hii. Jumanne usiku nilivua viatu bila kumtazama.

Jumatano tulichoma magunzi na kuni mbichi, mlango tumefunga. Tulichopata ni macho mekundu na rangi ya chai. Masizi ni kitu cha miaka, hayana haraka na ratiba ya dairekta. Alasiri bibi akarudi na kopo la Blue Band, amelifunika kwa kitenge. Alikuwa amekwangua kenchi za jikoni kwake.

"Usiyamwage. Hayo yamenilelea watoto."

Tuliyakoroga na uji mwepesi wa muhogo, tukapaka kwa brashi iliyokatika nywele, yeye ameketi kwenye kigoda akinielekeza: hapo juu ya mafiga zaidi, pale kwenye kona kidogo, moshi haupendi kona ile. Nilicheka kama mtoto. Kama kenchi zitaonekana sijui, wala dairekta sijamuuliza.

Mama kapiga simu sasa hivi. Mafinga umande umeganda siku mbili mfululizo. Miche yangu ya parachichi haijafunikwa, na yule kijana niliyemtumia hela ya nyasi hapokei.